Moto haungoji Kinshasa: usalama wa mtaa ni kazi ya komine

Wandugu vijana wa Kadutu, wa Ibanda na wa Bagira,

Kiangazi kikifika, sisi watu wa Bukavu tunajua kinakuja na nini: vumbi, mistari ya bidoni kwenye robine, na moto. Majina ni yale yale yanarudia: Nyamugo, Nkafu, Cimpunda, Panzi. Nyumba moja inashika, kisha ya jirani, kisha avenyu nzima. Kesho yake asubuhi wamama wako ndani ya majivu, wanafunua mabati wakitafuta sufuria iliyobaki nzima, na watoto wanauliza daftari zao za shule ziko wapi. Halafu wakubwa wanafika. Wanashuka kwenye gari za vioo vyeusi, wanapiga picha, wanaacha mchele, mikeka na sabuni, wanasema "poleni sana", wanarudi kwao. Mpaka moto mwingine.

Sisi tunasema pole zimetosha. Tuko na swali ambalo haliulizwi siku ile ya kugawa mikeka: kabla ya moto, nani alikuwa na kazi gani? Na usiku ule wenye bunduki wanavunja mlango wa jirani, nani alikuwa na kazi gani? Tunayaweka maswali haya mawili pamoja juu jibu lake liko mahali pamoja: kwenye ofisi ya komine na ya meya. Si kwamba wao njo wanachoma nyumba, ao njo wanaiba. Lakini kuchunga mtaa ni kazi waliyopewa na sheria, na kazi hiyo haifanyiki.

Moto hautoki mbinguni

Kila nyumba ikiungua, maneno yanaanza. Huyu anasema ni ulozi, yule anasema ni mtu amechoma kusudi ili apate kiwanja. Labda iko siku ni kweli, na hiyo ni kazi ya upelelezi. Lakini tusijifiche nyuma ya maneno. Ile inatuchoma kila siku tunaijua kwa majina.

Kwanza ni umeme. Tuko kando ya Ruzizi, mto unaozungusha mitambo miwili, wa kwanza tangu miaka ya 1950, na bado tunalala gizani. Umeme unakatika saa mbili usiku, mama anasahau resho ao pasi ikiwa imechomekwa, unarudi saa nane ya usiku na nguvu nyingi wakati watu wamelala. Waya moja nyembamba inabeba nyumba kumi, imepita juu ya mbao, imefungwa na kamba ya plastiki. Fundi aliyeiunganisha hana karatasi yoyote, na hakuna mtu wa leta amekuja kuangalia.

Pili ni giza lenyewe. Umeme ukikosa tunawasha buji, tunaikandika juu ya kopo karibu na mosikitera. Mbabula inaingizwa ndani juu usiku ni baridi, ao juu ya kuogopa iibiwe inje.

Tatu ni mafuta. Kadafi wanauza esansi kwa bidoni na chupa kando ya barabara, na jioni mzigo uliobaki unalala ndani ya nyumba ya mbao, chini ya kitanda. Hatuwalaumu kadafi. Wengi ni wenzetu, wako na diplome kama sisi, na hawakupata kazi ingine. Lakini bidoni ya litre ishirini kando ya mbabula ni bomu, hata kama mwenye bidoni ni rafiki yetu.

Nne ni njia. Nyumba za Kadutu zimebebana kwenye mlima mpaka jeneza halipiti bila kulalishwa ubavu. Gari ya kuzima moto itapita wapi? Njia zilikuwa kwenye ramani. Zimejengwa. Mfereji wa maji ya mvua umejengwa. Na kila mtu aliyejenga pale anaweza kukuonyesha karatasi yenye stempu.

Na ya tano njo inaumiza zaidi: maji. Bukavu iko juu ya ziwa Kivu. Mtu anasimama Nyamugo, nyumba yake inawaka, na anaona ziwa lote pale chini, maji ya kuzima miji kumi. Hakuna motopompe ya kuyapandisha, hakuna bomba za moto mitaani, hakuna tanki. Tunazima na mchanga, na bakuli, na maji machafu ya kufulia. Tunabomoa nyumba ya jirani kwa shoka ili moto usivuke. Hiyo njo pompie yetu.

Gari ya kuzima moto ikifika imechelewa, ao imefika na maji ya dakika chache, vijana wanaipiga mawe. Tuseme wazi: hiyo ni makosa. Yule anayeendesha gari ile si yeye anapanga bajeti, na gari iliyovunjwa vioo leo haitatoka kesho. Lakini anayetaka mawe yaishe aanze kwa kuweka maji ndani ya gari.

Sheria inasema nini

Tumekuwa tunaambiwa "hiyo ni mambo ya Kinshasa". Ni nusu ya ukweli. Polisi ni ya taifa, ndiyo. Katiba ya 2006 inasema hivyo. Lakini Katiba hiyo hiyo, kwenye kifungu cha 3, inasema mji na komine ni entite zenye utu wa kisheria, zinazojiongoza zenyewe katika uchumi na pesa zao. Kisha sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 juu ya entite hizo inamupa meya kazi ya kulinda utulivu katika mji, na inaweka mkononi mwake vikosi vya polisi vilivyotumwa pale. Kwa hiyo burugumestre ao meya akituambia "sina nguvu juu ya polisi", tumuombe kwa heshima afungue sheria yake mwenyewe.

Iko tena jambo ambalo wengi wetu vijana hatulijui. Mwaka 2013 serikali ilitia sahihi dekreti ya kuunda mabaraza ya usalama wa karibu katika miji, komine na teritware. Mkuu wa pale njo anayaongoza. Mkubwa wa polisi anakaa mezani, na sosiete sivile pia inakaa. Wanaangalia shida za usalama za mahali, wanapanga dawa yake, wanafuata kama imefanyika. Na Bukavu haikuwa mgeni kwa jambo hili: pamoja na Matadi na Kananga, mji wetu ulikuwa kati ya miji mitatu ya kujaribia polisi ya karibu na raia, kwa msaada wa Uingereza. Kulikuwa mikutano ya kartie ambamo mama wa soko alisimama akamwambia komanda usoni: "Avenyu yetu iko giza, watu wako hawapiti." Msaada ulipokwisha, tulirudi kwenye kulalamika WhatsApp.

Tunauliza: baraza la komine yako lilikutana lini mara ya mwisho? Nani alikuwa pale kwa jina la vijana? Walisema nini juu ya moto? Kama hakuna anayeweza kukujibu, basi tumefahamu kwa nini kila kiangazi tunashangaa kama vile moto ni mgeni.

Polisi na usiku wetu

Unajua vile inapita. Wenye bunduki wanaingia kwa jirani saa saba za usiku. Watu wanapiga masufuria, wanapuliza filimbi, avenyu moja inaamsha ingine. Mtu anapiga simu kwa polisi. Jibu ni moja ya haya: "tuko wawili tu", "mafuta haiko", "tumeni pesa ya usafiri". Asubuhi wanakuja kuokota maganda ya risasi.

Hatusemi polisi ni adui. Tunajua mshahara wa polisi, tunajua anapanga nyumba ya mbao kama sisi, na moto ukipita unamchoma naye. Lakini raia anayelipia usalama wake mara mbili, mara ya kwanza kwa takse na mara ya pili kwa mfuko wa usiku, anafika mahali anasema: leta ya nini? Hapa mashariki kila mtu anajua neno "lala salama". Ni jina la pesa ambayo wenye bunduki wameomba raia ili wapate usingizi. Mahali ambapo komine imelala, mtu wa lala salama hakosi.

Na iko hatari nyingine, kubwa kuliko hiyo, ambayo inatuhusu sisi wenyewe. Usiku polisi haifiki, vijana wanakamata mwizi, ao mtu anayesemekana ni mwizi, wanamvisha pine. Tumeona. Wengine kati ya wale waliochomwa hawakuiba kitu. Sisi kama mvutano wa raia tunasema bila kupindua maneno: kuchoma mtu si usalama. Huwezi asubuhi kulia juu moto umekula nyumba, na jioni ukaleta kiberiti juu ya mtu. Kama tunaomba haki kwa wakubwa, lazima tuitoe kwa wadogo, hata kwa mwizi. Anayekamatwa apelekwe, na tuandike nani amempokea, saa ngapi, na kesi yake imefika wapi. Hiyo nayo inahitaji komine inayofuata, juu leo mwizi akipelekwa asubuhi, jioni tunakutana naye barabarani akitucheka.

Mwezi wa 6 mwaka 2024 MONUSCO imefunga kazi yake Sud-Kivu. Wengine wamefurahi, wengine wameogopa. Sisi tuliona jambo moja tu: mgeni wa kumtupia lawama alikuwa ameondoka. Usalama wa Bukavu ni wa Wakongomani, na unaanzia kwenye avenyu.

"Pesa haiko"

Hili njo jibu la kila ofisi. Tuhesabu pamoja.

Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa, na inakatwa papo hapo kwenye chanzo, hairudi kwanza Kinshasa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika sehemu hiyo ya mkoa, asilimia 40 ni ya miji, komine, sekta na sheferi. Chukua franka 100 za mapato hayo: 40 ni za mikoa, na katika hizo 40, franka 16 zingepaswa kushuka mpaka huku chini, kwa entite zote pamoja. Tangu 2006 kile kukata kwenye chanzo hakijafanyika vile Katiba inasema. Kinachoshuka ni kile wanaita retrosesioni: kidogo, kikichelewa, kikipita mikono mingi.

Kwa hiyo tunakubali: burugumestre anapolalamika juu ya Kinshasa na juu ya mkoa, ana haki. Lakini tumemuona lini akilalamika mbele yetu, kwa sauti, na tarakimu mkononi? Angesema "nimeahidiwa hii, nimepata hii, na hii njo nimefanya", sisi tungekuwa wa kwanza kutembea pamoja naye mpaka kwa gavana. Asiyetuonyesha hesabu hawezi kutuomba tumuamini.

Tena iko pesa ambayo haitoki Kinshasa. Mama wa soko analipa meza yake kila siku. Motari analipa. Mwenye duka analipa patanti. Anayetaka karatasi ya kukaa analipa kwa shefu wa kartie. Pesa hizi zinatoka mfukoni mwetu, zinapita karibu na macho yetu, na hatujui kama kuna hata franka moja imenunua ndoo ya mchanga.

Na iko mambo yasiyohitaji pesa nyingi. Kukataza kutia stempu kwenye kiwanja kilicho ndani ya njia kunahitaji dola ngapi? Kuitisha mkutano wa baraza la usalama? Kutangaza nambari ya simu na kuijibu? Kuandika orodha ya mahali esansi inalala?

Wengine watatuambia raia njo wanajenga ovyo, wawalaumu wenyewe. Sawa, mtu amejenga mahali pabaya. Lakini aliuziwa na nani, akapewa karatasi na ofisi gani? Wengi walikuja Bukavu wakikimbia vita vijijini, Shabunda, Kalehe, Mwenga. Mtu aliyekimbia risasi akajenga mbao mbili juu ya mlima hajafanya dhambi. Dhambi ni ya yule aliyekula pesa yake akijua pale hapajengwi, na anajua kwamba siku moto utapita yeye atakuwa amelala mbali.

Ile tunauliza

Tunaandikia meya wa Bukavu na maburugumestre wa Ibanda, Kadutu na Bagira. Tunawaandikia pia washauri wa komine tuliowapigia kura tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, mara ya kwanza chini ya Katiba hii. Ninyi washauri hamkuchaguliwa na Kinshasa. Mlipita kwenye avenyu zetu na maneno matamu, sasa rudini na kazi. Tunauliza haya saba:

1. Bajeti ya komine ibandikwe mlangoni pa ofisi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na kile kimeingia kila mwezi kutoka soko, maduka na retrosesioni. Ndani yake kuwe na mstari wa kuzuia moto.

2. Baraza la usalama wa karibu likutane kila mwezi, vijana na wamama wakiwemo, na kile limekata kisomwe kwenye kartie.

3. Njia za kupitisha gari, ao hata mipira ya maji peke yake, ziwekwe alama avenyu kwa avenyu. Anayebomolewa apewe mahali pa kwenda kwanza. Aliyetia stempu kwenye njia ajibu kwa jina lake.

4. Kadafi wasifukuzwe na fimbo. Wapewe mahali pa kuuzia na pa kulaza mafuta, mbali na nyumba, na mchanga karibu.

5. Kila kartie iwe na ndoo, mchanga, shoka na tanki ya maji. Na mji uwe na motopompe za kuvuta maji ya ziwa. Gari ya kuzima moto ilale imejaa maji na mafuta.

6. Nambari moja ya simu ya moto na ya wizi, inayojibiwa usiku na mchana, bila kuuliza pesa ya usafiri.

7. Baada ya kila moto, komine iandike katika siku thelathini: ulianza wapi, ulianza namna gani, msaada ulifika saa ngapi, na nini kitabadilika. Na karatasi hiyo tuisome.

Na sisi?

Tusikae kungoja. Wengi wetu tumemaliza chuo kikuu na tuko nyumbani. Tuko na wakati, tuko na miguu, tunajua kuandika na kuhesabu. Kwa hiyo kila timu ya avenyu, pamoja na mkuu wa nyumba kumi, ipite nyumba kwa nyumba: waya gani imechubuka, mbabula inalala wapi, mzee gani ao mlemavu gani hawezi kukimbia peke yake, njia gani imezibwa. Daftari moja kwa avenyu moja. Salongo ya Jumamosi isiwe ya kufagia tu. Ifungue njia na mifereji. Nakala ya daftari itaenda komine na kupokelewa kwa sahihi, ili siku ya moto mtu asiseme hakujua.

Pamoja na daftari itaenda petisyo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani, peke yake ao na wengine, anaweza kuandikia wakubwa, na wakubwa wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Hatuombi sadaka. Tunahesabu siku. Zikipita bila jibu, tutaijulisha mamlaka kwa maandishi vile kifungu cha 26 kinataka, na tutaketi mbele ya ofisi na bakuli zetu tupu za kuzimia moto, bila jiwe, bila pine, bila matusi. Wakitukamata tutapanda gari yao, na wengine watakaa mahali petu.

Kuna watakaosema hii ni siasa. Moto wa Nyamugo haukuuliza mtu kadi ya chama kabla ya kuingia nyumbani kwake. Kuna watakaosema "mutachoka". Labda. Lakini tumechoka zaidi kulala na viatu miguuni na karatasi za shule ndani ya mfuko wa plastiki kando ya mlango, tayari kukimbia.

Kiangazi kingine kitafika mwezi wa 6, hilo hatuna haja ya nabii kulijua. Daftari zinaanza Jumamosi hii. Mkuu wa timu ya avenyu yako unamjua. Kama humjui, basi anaweza kuwa wewe.

Bukavu ni yetu, tuichunge.